Tiki Nyekundu za Masinde

"Umefika ukurasa wa ngapi, mpenzi?"

"Wa kumi na moja."

"Haki uko mbio. Mimi nilidhani utamaliza Ijumaa. Hizo namba ndogo ndogo hazikusumbui kutaipu?"

Kagwiria hakujibu. Simu aliibana kati ya sikio na bega, vidole vimetulia juu ya kibodi bila kazi, macho yameganda kwenye daftari lililokuwa mbele yake. Masinde aliita "halo" mara mbili tatu, akadhani mtandao umepotea, akakata na kwenda zake darasani.

Ilikuwa Jumanne ya Julai, mvua ya rasharasha Kutus nzima, na wateja wachache. Duka lilikuwa la Kagwiria mwenyewe, la kutaipu na kutoa fotokopi, hatua chache kutoka sokoni. Daftari lilikuwa la Masinde, mchumba wake, mwalimu wa kemia katika shule moja nje ya mji wa Nyeri. Alikuwa ameandika kwa mkono kijitabu cha marudio cha wanafunzi wa kidato cha pili, akamwachia Kagwiria amtaipie. Baada ya wiki tatu, watu wa Masinde walikuwa wapande hadi Chogoria, kwa kina Kagwiria, kupeleka mahari. Kwa hiyo unaona mwenyewe, mambo yalikuwa yamekaa vizuri. Kilichoharibu ni ukurasa wa kumi na moja.

Ukurasa huo ulihusu kusawazisha milinganyo ya kemia. Masinde alieleza kwamba vitu vinavyoingia upande wa kushoto lazima vitoke vyote upande wa kulia, hata kimoja kisipotee. Halafu akaonya juu ya kosa moja. Hidrojeni ikiungana na oksijeni kufanya maji, mwanafunzi huona oksijeni moja imepungua upande wa maji. Badala ya kuweka mbili kubwa mbele ya maji, anaandika mbili ndogo chini ya oksijeni. Ukihesabu utaona pande zote ni sawa, ila hayo si maji tena, ni ile dawa ya kusafishia vidonda inayotoa povu. Namba ndogo haiguswi, aliandika Masinde, na akaipigia mstari mara mbili. Unaongeza namba ya mbele tu.

Kagwiria alivuta karatasi iliyoharibika kwenye mashine, akajaribu. Chuma na oksijeni kufanya kutu: nne mbele ya chuma, tatu mbele ya oksijeni, mbili mbele ya kutu. Zikakubali. Akajaribu gesi ya mtungi inavyoungua. Alianza na kaboni, akaenda kwa hidrojeni, oksijeni akaiacha mwisho kama daftari lilivyoagiza. Moja, tano, tatu, nne. Zikakubali pia. Alifanya milinganyo minane, akafungua nyuma kwenye majibu, akakuta yote minane ni sawa. Mwanamke wa miaka thelathini na tatu, akacheka peke yake kama mtoto aliyeokota shilingi, mpaka mama mmoja aliyekuja kutoa fotokopi ya kitambulisho akamuuliza kama kuna habari njema.

Kisha kicheko kikamkauka mdomoni, maana kosa lile alilijua. Lilikuwa lake.

Miaka kumi na mitano nyuma, yeye na Masinde walikuwa darasa moja katika shule ya kutwa kule Chogoria. Kagwiria alikuwa binti wa mkulima wa majani chai. Masinde alikuwa mtoto wa polisi aliyehamishiwa huko kutoka Bungoma, kijana mrefu mwenye suruali iliyokoma juu ya kifundo na Kimeru cha kuchekesha watu. Kemia kwake ilikuwa maji ya kunywa. Kagwiria naye alitaka kuwa muuguzi, na bila kemia hakuna uuguzi, kwa hiyo akamwomba amfundishe. Mzee Mbaabu, baba yake, alikubali kwa shida. Alisema aende ukumbi wa kanisa kila Jumamosi asubuhi mpaka aelewe hizo hesabu, na siku atakayoelewa, Jumamosi zirudi kwenye chai.

Basi zikaanza zile Jumamosi. Ukungu ulikuwa ukishuka kutoka mlimani mpaka wakawa hawaoni lango la kanisa. Mama yake alimfungia viazi vitamu kwenye kitambaa, wakavila vikiwa bado na joto. Wanakwaya walifanya mazoezi upande wa pili wa ukumbi, wakirudia ubeti mmoja hadi Masinde akaanza kuuimba bila kujua, sauti ya chura. Walicheka kwa kujizuia ili wasifukuzwe. Kagwiria aliandika milinganyo yake, Masinde akachukua biro nyekundu na kupiga tiki. Tiki, tiki, tiki. Shuleni karatasi zilirudi na sifuri, naye akazipeleka Jumamosi kwa mwalimu wake kijana. Masinde alizitazama sana, akamwambia hesabu ni sawa, ila amesahau kuandika kama kitu ni gesi au ni maji. Akaamini. Mtu ukimpenda hukagui maneno yake.

Mtihani wa mwisho ulipokuja, kemia yake ilikuwa D. Ya Masinde ilikuwa A. Kagwiria alimwomba baba yake arudie mwaka, mzee akakataa. Alisema binti huyu Mungu alimpa mikono, kichwa alimpa mtu mwingine, na neno hilo akalisema mbele ya wageni, mwaka baada ya mwaka, hata likawa utani wa nyumbani. Babake Masinde alihamishiwa Wang'uru, wapenzi wakapoteana. Wakaja kukutana miaka miwili iliyopita, mwalimu alipoingia dukani Kutus kutoa fotokopi za mtihani na kushindwa kusema alichotaka. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Lakini uongo wake aliuficha vizuri. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hii ya Masinde ilitoka Chogoria ikafika Nyeri, tena kwa miguu.

Saa kumi jioni, Kagwiria alimwandikia ujumbe.

"Ukurasa wa 11 nimeuelewa kwa dakika arobaini. Ile mwaka yote ulikuwa unanifundisha nini?"

Jibu halikuja. Alama mbili zilionyesha kwamba ujumbe umesomwa. Saa nzima ikapita, ndipo Masinde akapiga. Kagwiria alikata, akaandika tena.

"Kesho nakuja Nyeri. Usinipigie."

Dada yake mkubwa, Kinya, alipopigiwa simu na kusimuliwa, alisema hayo ni mambo ya watoto. Alimkumbusha kwamba wageni wameshaalikwa, hema limeshalipiwa, na wanaume wenye kazi na adabu hawaokotwi njiani. Kagwiria alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamuuliza swali moja, ni mara ngapi yeye Kinya amemuita kichwa jiwe. Kinya akasema sufuria inaungua.

Siku ya pili alimkuta Masinde kwenye hoteli ndogo chini ya soko la Nyeri, ameketi kona ya ndani, chaki kwenye mkono wa sweta. Nyeri ilikuwa na baridi ile ya Julai inayoingia mpaka kwenye mifupa. Chai ililetwa. Hakuna aliyeigusa.

"Niko na swali moja tu," alisema Kagwiria. "Ulikuwa unajua?"

Angeweza kusema hapana. Angeweza kusema naye alikuwa mtoto, hakuona. Kagwiria mwenyewe alikuwa ameshamwandalia huo mlango moyoni, na aliomba Mungu aupitie.

"Nilikuwa najua," alisema Masinde.

"Tangu lini?"

"Jumamosi ya pili."

"Na ukapiga tiki."

"Nikapiga tiki."

"Kwa nini? Nilikukosea nini mimi?"

"Hukunikosea. Baba yako alisema siku utaelewa unarudi kwa chai. Na ungeelewa tu, Kagwi, hukuwa mjinga hata kidogo. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Nilijua ukielewa, sikuoni tena. Nikasema nitakwambia Jumamosi ijayo. Ikifika nasema ijayo. Mara mtihani huo hapo."

"Na zile karatasi zikirudi na sifuri?"

"Nilikudanganya."

"Miaka miwili tumekuwa pamoja. Umekula kwangu, umelala kwangu, umeniona nikitoa fotokopi za vyeti za watu wengine."

"Kila siku nilikuwa natafuta pa kuanzia."

"Ndiyo ukaniachia daftari?"

Masinde aliangalia vidole vyake. "Sijui. Huo mfano naufundisha kila mwaka, siwezi kuuacha. Labda nilisahau ni wewe utataipu. Labda nilitaka uone. Ukweli wa Mungu, sijui."

Machozi yalikuwa yameshamfika Kagwiria, lakini hakutaka yaonekane na mhudumu, akageukia dirisha.

"Unajua kinachoniuma? Si uuguzi. Hata si hiyo D. Ni zile Jumamosi. Mimi nikiwa na shida, nikikosa usingizi, huko ndiko naenda. Naona ukungu, nasikia kwaya, naonja zile viazi. Hakuna mahali pengine nilikuwa na raha hivyo. Sasa nikienda nitakuta wewe na biro yako."

"Jumamosi zilikuwa za kweli," alisema Masinde. "Kagwi, zilikuwa za kweli. Nilidanganya kwa karatasi, sikudanganya kukupenda. Nisamehe."

"Msamaha wa hapa hotelini utanisaidia nini? Mimi nilijua nilijaribu. Mwenye hajui ni baba yangu. Yeye anajua amezaa mtoto mjinga. Ameambia majirani, ameambia wageni, ameambia kanisa. Anazeeka akijua hivyo."

Masinde aliinua kichwa. Alimjua Mzee Mbaabu. Ni mzee aliyewahi kumrudisha langoni mchumba wa kwanza wa Kinya kwa sababu alichelewa saa moja.

"Akisikia, atanifukuza."

"Labda."

"Na wewe unataka nimwambie?"

"Sitakwambia ufanye nini," alisema Kagwiria, akisimama na kufunga kitambaa kichwani. "Siku hiyo wataniita mbele ya wazee waniulize kama uji wenu unywewe, yaani kama nakubali niolewe. Nitajibu. Saa hii sijui nitajibu nini, na sikudanganyi."

Akaondoka, chai yake imepoa mezani.

Wiki tatu zilikuwa ndefu. Masinde alituma ujumbe asubuhi na jioni, maneno matamu na maneno ya majuto, na kila jibu alilopata lilikuwa namba ya ukurasa. "Uk. 19." "Uk. 26." Kazi ni kazi, Kagwiria alikuwa ameshaahidi kuitaipu. Ila jambo ambalo hakumwambia ni kwamba kila zoezi alilolitaipu alilifanya kwanza kwa kalamu, peke yake, akifunika majibu kwa bahasha. Akikosa anarudia. Jioni alikwenda nyumbani amechoka na ana furaha, kisha anamkumbuka Masinde na furaha inaingia doa. Alimpenda bado. Hiyo ndiyo ilikuwa taabu yake kubwa, angekuwa hampendi angelala vizuri.

Jumamosi yenyewe ilifika na jua kali. Hema lilijaa. Upande mmoja wazee wa Chogoria na kofia zao, upande wa pili watu wa Masinde, wakiongozwa na baba yake, polisi mstaafu ambaye watu wote waliendelea kumuita Afande. Kwa kuwa Kimeru na Kibukusu cha kina Masinde havipatani, mazungumzo yalikuwa ya Kiswahili. Mahari yalizungumzwa, yakavutwa huku na kule, yakamalizika. Ndipo mjomba wa Kagwiria, Mzee Mwenda, msemaji wa siku, akaagiza bibi harusi aletwe na kibuyu cha uji walioleta wageni.

Desturi ya kwao ni kwamba msichana huulizwa mbele ya watu wote. Akimpelekea mwanaume uji, mambo yamekubalika. Asipompelekea, wageni wanarudi kwao na kila kitu chao.

"Kagwiria," alisema Mzee Mwenda, "hawa watu unawajua?"

"Nawajua, mjomba."

"Tunywe uji wao, ama tusinywe?"

Kagwiria alishika kibuyu kwa mikono miwili. Alitazama majani ya chini, akafungua mdomo. Kabla neno halijatoka, Masinde akasimama.

Hema lote likageuka. Mwenye kuoa hasemi siku hiyo. Ana wazee wa kumsemea, yeye kazi yake ni kukaa na kutazamwa. Afande alimvuta koti, akamwambia kwa sauti ya kituoni akae chini. Masinde hakukaa.

"Wazee, mnisamehe. Kabla hajajibu, kuna kitu mnafaa mjue." Akamgeukia Mzee Mbaabu. "Baba, huyu msichana hakufeli chemistry. Mimi ndiye nilimfelisha. Alikuwa na kosa moja, kosa la kuelezwa kwa dakika kumi. Niliona, nikampigia tiki mwaka mzima ili asiache kuja kanisani. Mlipomuita mjinga, mjinga hakuwa yeye. Juzi amejifundisha hizo hesabu peke yake, alasiri moja. Mimi niko na wanafunzi wanachukua mwezi. Ukinifukuza, nitaenda. Lakini sitaki uende kaburini ukifikiri ulizaa mtoto mjinga."

Afande aliweka viganja usoni. Kinya, aliyekuwa nyuma na sinia, alianza kulia waziwazi.

Mzee Mbaabu aliinuka polepole. Alivua kofia. Watu walidhani anaelekea kwa Masinde, na vijana wawili wakasogea karibu, lakini alikwenda akasimama mbele ya binti yake.

"Mimi si mtu ya maneno mingi," alisema. "Huyu kijana amenikosea. Lakini yeye alikuwa mtoto. Mimi nilikuwa mzee. Wewe ulikuja kwangu, ukasema, baba wacha nirudie, mimi najua naweza. Nilikataa. Sikuangalia hata hiyo karatasi. Na nikaenda nikaambia watu maneno juu yako. Kwa hiyo jambo la Masinde jibu mwenyewe. Ukisema tusinywe, mimi mwenyewe nitawafungulia lango. Lakini hiyo yangu, nakuomba, mama yangu, nisamehe."

Mama yangu. Kagwiria alikuwa amepewa jina la nyanya yake, mama mzazi wa Mzee Mbaabu, lakini tangu matokeo yale baba hakuwa amemuita hivyo tena. Kilio kilimtoka, na hakukizuia. Alilia amesimama, kibuyu kikitikisika, mpaka baba yake akakishika naye kwa chini kisimwagike.

Alipotulia, alimpa baba yake uji kwanza. Haikuwa desturi, na Mzee Mwenda alikohoa kuonyesha kwamba ameona, lakini hakuna aliyemzuia. Mzee Mbaabu akanywa, akajifuta midomo kwa kofia.

Kisha Kagwiria akavuka hema. Masinde alikuwa bado amesimama, jasho likimtiririka, mtu ambaye hajui kama anaoa au anahukumiwa. Kagwiria alimtazama kwa muda. Aliuona ukungu, akaisikia kwaya, akamwona yule kijana wa suruali fupi aliyeogopa kwamba Jumamosi zitaisha. Hasira ilikuwapo bado, si haba, lakini haikuwa kubwa kuliko yeye.

Akamnyooshea kibuyu.

"Kunywa," alisema, na hema lote lilimsikia. "Lakini Januari naandikisha mtihani wa form four. Chemistry na zote. Na mwalimu nimeshatafuta mwingine."

Masinde akapokea uji kwa mikono miwili, akanywa.